Kompyuta ndani ya kompyuta: kuendesha programu za sayansi nyumbani kwa mashine pepe

Kila muhula ukianza, simu yangu haipoi. Leo anapiga kijana wa Wandegeya, kesho dada yuko Arua kwao, juzi alikuwa mwanafunzi wa Bombo. Swali ni lilelile: "Mwalimu katutuma tutumie programu fulani, nimeipakua, kwenye Windows haifunguki. Nifanyeje?" Nimechoka kuieleza kwa simu huku muda wa maongezi ukiyeyuka, kwa hiyo naandika mara moja.

Sababu ni fupi. Programu nyingi za sayansi, hasa za kuchambua vinasaba, ziliandikwa kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ilivyo, na hazina toleo la Windows. Wengine hukushauri ufute Windows. Usifute. Laptopu hiyo ina barua za kazi za baba, ina picha za harusi ya dada yako, na siku ukikwama hutakuwa na pa kuombea msaada. Tumia mashine pepe: programu inayojifanya kompyuta nzima, yenye diski yake na kumbukumbu yake, ikikaa ndani ya dirisha moja la Windows. Windows ndiyo mwenyeji, Linux ni mgeni. Mgeni akiharibu mambo unamfuta yeye peke yake, nyumba inabaki.

Kuna njia nyingine inayoitwa WSL, ambayo Windows yenyewe inayo. Ni nyepesi zaidi, na anayeijua aendelee nayo. Mimi namwanzisha mgeni wa fani kwa VirtualBox, programu ya kuundia mashine pepe, kwa sababu mbili tu: unaweza kupiga picha ya hali ya mashine na kuirudia ukikosea, na unaweza kuibeba mashine yote kwenye flashi ukampa mwenzako.

Nikuambie mapema: sayansi yenyewe ni mara chache kukukwamisha. Kinachokwamisha watu hapa kwetu ni kumbukumbu ndogo, bando na umeme. Hatua zote zilizo chini nimezipanga kwa kuviogopa hivyo vitatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu yenye prosesa ya Intel au AMD ya biti 64 na RAM ya GB 8. Ikiwa na GB 4 itawaka, lakini utateseka. Laptopu nyingi za ofisini zilizotumika, zile zinazouzwa mjini Kampala, zina nafasi ya kuongeza RAM, na hiyo ndiyo pesa ya kwanza ningeitumia. Kama yako ni Mac mpya yenye prosesa ya Apple, mwongozo huu si wako.
- Nafasi tupu ya GB 50 kwenye diski. Ikiwa ni SSD, vizuri sana.
- Bando la GB 6 hivi, au nafasi ya kukaa kwenye WiFi ya chuo mchana mmoja. Kubwa kuliko yote ni faili la Linux, GB 3 na ushee.
- Betri inayoshika chaji, na Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) yenye yuniti. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishe kazi hii wakati wa mvua.
- Flashi ya GB 32 au zaidi.

Na subira ya jioni moja. Usianze saa tano usiku ukiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi.

Hatua ya 1: Hakikisha prosesa imeruhusiwa

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", bofya CPU, kisha tafuta neno "Virtualization" upande wa chini. Likisema "Enabled", ruka hadi hatua ya 2.

Likisema "Disabled", zima laptopu, iwashe, na papo hapo gongagonga kitufe cha kuingilia BIOS, mipangilio ya kompyuta inayokuja kabla ya Windows. Kwa HP ni F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1, kwa Lenovo nyingine F2. Ndani yake tafuta "Intel Virtualization Technology" au "VT-x". Kwa AMD huitwa "SVM Mode". Iwashe, hifadhi, toka. Usiguse kitu kingine humo.

Tahadhari: ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, Windows inaweza kukudai ufunguo mrefu wa tarakimu 48 baada ya kugusa BIOS. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi kabla hujazima mashine.

Hatua ya 2: Pakua mafaili mawili, kisha uyapime

La kwanza ni VirtualBox ya Windows, kutoka virtualbox.org. Ni ya bure. Kuna nyongeza inaitwa "Extension Pack"; kwa kazi hii huihitaji, iache.

La pili ni Lubuntu 24.04, kutoka lubuntu.me. Hii ni Ubuntu ileile iliyovaa nguo nyepesi. Watu huniuliza kwa nini nisichague Ubuntu ya kawaida: faili lake ni zito karibu maradufu, na likishawaka linakula RAM ambayo tunaihitaji kwa hesabu zetu.

Ukipata mwenzako mwenye faili hilo kwenye flashi, chukua, okoa bando. Lakini faili lililopita kwenye flashi kumi za mjini linaweza kuwa limekatika njiani au limechezewa. Lipime. Fungua "Command Prompt" kwenye folda lilipo uandike:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Lubuntu. Ukitofautiana hata herufi moja, faili hilo tupa. Hatua hii ndiyo wanaoirukaruka, na ndiyo inayozaa wale wanaoniambia "inasakinisha mpaka nusu halafu inaganda".

Hatua ya 3: Sakinisha VirtualBox

Bofya mara mbili, kubali, endelea. Mambo matatu yatakushtua bure. Itakuonya kwamba intaneti itakatika kidogo. Ni kweli, itarudi. Itasema Python haipo. Kubali uendelee, hatuihitaji. Ikikataa kabisa kwa kudai "Microsoft Visual C++", pakua kifurushi hicho kutoka tovuti ya Microsoft, kisakinishe, rudia.

Hatua ya 4: Unda mashine

Bofya "New". Ipe jina fupi lisilo na nafasi katikati, mfano `maabara`. Kwenye "ISO Image" chagua faili la Lubuntu.

Sasa simama. VirtualBox za siku hizi hupenda kukusakinishia Linux yenyewe bila kukuuliza. Ikataze. Kulingana na toleo lako, ama weka alama kwenye "Skip Unattended Installation", ama ondoa alama kwenye "Proceed with Unattended Installation". Ukiiachia, itakutengenezea mtumiaji anayeitwa `vboxuser` asiye na mamlaka ya msimamizi, na kila ukiandika `sudo` (neno la kuomba mamlaka hayo) utaambiwa hayumo kwenye orodha. Nimepokea simu za tatizo hili kuliko tatizo lingine lolote.

Kisha gawa mali ya nyumba:

- RAM: laptopu yenye GB 8, mpe mgeni MB 4096, usizidishe. Ukizidisha, Windows nayo itaanza kukosa pumzi na vyote viwili vitakwenda kwa magoti. Yenye GB 16, mpe 8192 hadi 10240.
- Prosesa: nusu ya viini ulivyonavyo. Vikiwa vinne, mpe viwili.
- Diski: GB 40. Usiweke alama kwenye "Pre-allocate Full Size". Hapo diski itaanza ndogo na kukua kadiri unavyoijaza. Jua tu kwamba haijipunguzi: ukifuta mafaili ndani, faili lake upande wa Windows linabaki nene vilevile.

Baada ya kuunda, ingia "Settings", kisha "Display", pandisha "Video Memory" hadi 128. Mtandao uache kwenye NAT kama ulivyo.

Hatua ya 5: Sakinisha Lubuntu

Bofya "Start". Lubuntu itawaka, bofya ikoni ya kusakinisha. Chagua lugha, kisha Africa na Kampala kwa ajili ya saa.

Utafika mahali inapouliza kuhusu diski, na kuna chaguo la "Erase disk". Hapa ndipo vidole hutetemeka. Chagua hilo hilo. Linafuta diski pepe ya GB 40 uliyounda sasa hivi, ambayo haina kitu. Diski ya Windows mgeni haioni kabisa.

Jina la mtumiaji liwe kwa herufi ndogo, bila nafasi. Neno la siri liandike mahali. Hakuna wa kukurudishia ukilisahau.

Ikimaliza itaomba uondoe diski ya usakinishaji na ubonyeze Enter. Bonyeza tu Enter. Mashine itajiwasha upya.

Mgeni akiwaka, usitafute alama ya WiFi ndani yake, hutaiona. Yeye anaamini amechomekwa waya. Windows ikiwa na intaneti, naye anayo.

Hatua ya 6: Mfunge mgeni mkono kwenye bando

Hii hatua haimo kwenye miongozo ya watu wenye intaneti isiyokwisha. Huenda uliiambia Windows kwamba WiFi ya simu yako ni ya kulipia, ikaacha kujisasisha. Mgeni hajui habari hiyo. Kwake waya ni waya, na akipata nafasi atavuta masasisho ya mamia ya MB wakati wewe umeenda kununua rolex ya chapati na mayai. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), yaani "QTerminal", uandike mstari mmoja mmoja:

`sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`

`sudo snap refresh --hold`

Ukiandika neno la siri hutaona nyota wala nukta. Ndivyo ilivyo, andika ubonyeze Enter.

Kuzima masasisho kuna gharama yake: sasa usalama uko mikononi mwako. Ukiwa kwenye WiFi ya chuo, kila baada ya wiki chache, fanya mwenyewe:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

`sudo snap refresh`

Hatua ya 7: Skrini nzima na folda ya pamoja

`sudo apt update`

`sudo apt install virtualbox-guest-utils virtualbox-guest-x11`

Washa mgeni upya. Sasa ukivuta dirisha, skrini ya ndani inakua nalo.

Kwa folda ya pamoja, tengeneza kwanza folda upande wa Windows, mfano `C:\data`. Kwenye dirisha la mashine ingia "Devices", kisha "Shared Folders", ongeza folda hiyo, weka alama kwenye "Auto-mount" na "Make Permanent". Halafu ndani ya mgeni:

`sudo usermod -aG vboxsf $USER`

Washa upya tena. Utaikuta kwenye `/media/sf_data`.

Folda hii ichukulie kama kibaraza. Mizigo inapita hapo kuingia na kutoka, hailali hapo. Usisakinishe programu ndani yake wala usifanyie uchambuzi humo: ni ya polepole, na viungo vya mafaili ambavyo programu nyingi za Linux hutegemea haviruhusiwi. Nakili data kwenda nyumbani kwa mgeni, fanya kazi, rudisha matokeo.

Na kama data ni za wagonjwa, ulipozipata kuna aliyesaini. Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, na laptopu ya nyumbani ambayo kila mtu anaifungua kuangalia mpira si mahali pa majina ya watu na majibu yao ya vipimo. Omba zilizofutwa majina, au acha.

Hatua ya 8: Piga picha ya hali

Zima mgeni vizuri. Kwenye dirisha kuu la VirtualBox chagua mashine yako, nenda "Snapshots", bofya "Take", uiite `safi`. Kuanzia leo, ukivuruga kitu, unarudi hapa kwa dakika moja.

Usizirundike picha hizi. Kila moja hufanya mafaili yakue, na nimeona mtu ana picha kumi na nne na diski imejaa. Mbili zinatosha: moja safi, moja baada ya programu zako kufanya kazi. Na picha ya hali haiwi akiba: inakaa kwenye diski ileile, laptopu ikiibiwa nayo imekwenda.

Hatua ya 9: Sakinisha programu za sayansi

Msiba wa programu hizi ni kwamba kila moja hutaka toleo lake la vitu vingine. Dawa ni conda, ambayo humpa kila mradi chumba chake. Tunaipata kupitia Miniforge, kisakinishi chake kidogo:

`wget -c https://github.com/conda-forge/miniforge/releases/latest/download/Miniforge3-Linux-x86_64.sh`

`bash Miniforge3-Linux-x86_64.sh`

Hiyo `-c` izoee. Intaneti ikikatika katikati, rudia amri ileile, nayo itaendelea pale ilipoishia badala ya kukulia bando upya. Msakinishaji akiuliza kama aanzishe conda kila ukifungua terminali, jibu `yes`. Funga terminali, ifungue tena. Utaona neno `(base)` mwanzoni mwa mstari. Kisha:

`conda create -n kazi -c conda-forge -c bioconda seqkit bwa samtools wgsim`

`conda activate kazi`

Mpangilio wa majina mawili hayo ya vyanzo uache hivyohivyo, conda-forge kwanza. Na usiandike `sudo` mbele ya conda hata siku moja.

Hatua ya 10: Jaribio, kwa kirusi cha hapa hapa

Usianze na data zako za GB 20. Anza na kitu kidogo ambacho jibu lake linajulikana. Mimi hutumia kirusi cha Zika, kwa sababu ni chetu: kilipatikana mara ya kwanza 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, katika damu ya tumbili wa aina ya rhesus aliyewekwa mtini na watafiti waliokuwa wakiwinda homa ya manjano. Tumbili huyo alikuwa namba 766, na hadi leo aina hiyo ya kirusi inaitwa MR 766. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, imo kwenye hazina ya NCBI ya Marekani kwa namba NC_012532, na faili zima halifiki hata KB 12. Bando halitaliona.

`mkdir ~/zika && cd ~/zika`

`wget -O zika.fa "https://eutils.ncbi.nlm.nih.gov/entrez/eutils/efetch.fcgi?db=nuccore&id=NC_012532.1&rettype=fasta&retmode=text"`

`seqkit stats zika.fa`

Alama za nukuu kwenye anwani hiyo usizisahau, la sivyo terminali itaikata vipande. Chini ya "sum_len" unapaswa kuona 10,794. Hizo ndizo herufi za kirusi kizima. Ukiziona, intaneti, conda na programu vyote vinaongea.

Sasa tuigize kazi halisi ya maabara. Mashine ya kusoma vinasaba hutoa vipande vifupi vilivyochanganyika, na kazi yako ni kuvirudisha kila kimoja mahali pake. Vipande vya kweli hatuna, tutavibuni kwa wgsim, kisha bwa ivirudishe mahali pake na samtools ihesabu vilivyopata mahali:

`wgsim -N 5000 -1 100 -2 100 zika.fa r1.fq r2.fq`

`bwa index zika.fa`

`bwa mem -t 2 zika.fa r1.fq r2.fq | samtools sort -o zika.bam`

`samtools flagstat zika.bam`

Kila amri itachukua sekunde chache. Kwenye mstari wenye neno "mapped" asilimia iwe karibu na 100, maana vipande tumevikata kutoka kirusi hichohicho. Ukitaka kuona kinyume chake, pakua kirusi cha West Nile, NC_001563, ambacho nacho kilitoka kwetu: kilipatikana 1937 kwa mgonjwa wa wilaya ya West Nile. Panga vipande vya Zika juu yake uone asilimia inavyoporomoka, ingawa virusi hivi viwili ni ndugu wa ukoo mmoja. Hapo nimeona wanafunzi wakielewa upangaji kuliko darasani.

Kuhusu ukubwa, nikupe kipimo. Jenomu ya kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, iliyochapishwa 2002, ina herufi milioni 23 hivi. Mgeni wako wa GB 4 ataimudu bila shida. Ya binadamu ina bilioni 3 na zaidi, na bwa peke yake itataka zaidi ya GB 5 za RAM. Mgeni wa GB 4 hataiweza, na hakuna ujanja wa amri utakaobadilisha hilo. Kwa kazi hiyo omba seva ya chuo.

Kazi ndefu na umeme unaokatika

Uzuri wa mashine pepe ambao wengi hawaujui ni huu: unaweza kuilaza katikati ya hesabu. Funga dirisha la mgeni, chagua "Save the machine state". Kila kitu, hata hesabu iliyofika nusu, kinaandikwa kwenye diski. Kesho ukibofya "Start", inaendelea pale pale. Kwa hiyo umeme ukikatika na betri imebaki asilimia 30, usisubiri hadi 5. Mlaze mgeni, zima laptopu, nenda kalale na wewe. Kinachopotea ni upakuaji uliokuwa ukiendelea tu, na hapo ndipo `-c` inapokufaa.

Kabla ya kuiacha ifanye kazi usiku, pitia upande wa Windows: izuie kulala ikiwa kwenye chaji, iambie kifuniko kikifungwa isifanye kitu, na usimamishe masasisho kwa wiki moja. Wakati mmoja niliacha kazi inayochukua saa kumi na moja, nikaamka nikakuta Windows imejisasisha na kujiwasha upya saa nane usiku, imenisalimia kwa skrini ya bluu ya kunikaribisha. Na usiiweke juu ya godoro. Prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe. Meza, au hata trei ya chai iliyogeuzwa, inatosha.

Ukikwama

*Kuna kobe wa kijani chini ya dirisha, na mgeni anatambaa kama yeye.* Windows imeishika prosesa kupitia Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe. Nenda "Turn Windows features on or off", ondoa "Hyper-V", "Virtual Machine Platform" na "Windows Hypervisor Platform". Kobe akibaki, fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, washa upya. Akibaki bado, ni "Memory integrity" iliyo ndani ya "Core isolation", na hiyo ni kinga ya usalama, kwa hiyo ukiizima ujue umezima nini. Jua pia kwamba WSL na Docker zitaacha kufanya kazi hadi urudishe ulivyoviondoa, na `auto` mahali pa `off`. Mwendo ukiwa unavumilika, mwache kobe wa watu.

*Mshale wa kipanya umenaswa ndani ya dirisha.* Bonyeza Ctrl ya kulia.

*"vboxuser is not in the sudoers file".* Ulipuuza onyo la hatua ya 4. Usihangaike kutengeneza, futa mashine, unda upya. Ni nusu saa, na bando huhitaji tena kwa faili la ISO.

*"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend".* Kuna sasisho linaendelea kwa siri. Subiri dakika kumi. Usifute faili hilo la kufuli kama wanavyoshauri vijana wa mtandaoni.

*Neno moja tu: "Killed".* RAM imeisha na Linux imeua programu yako ijiokoe. Andika `free -h` uone kilichobaki. Funga Chrome upande wa Windows, mwongezee mgeni kidogo, au punguza data.

*"No space left on device".* Andika `df -h`. Kisha `conda clean -a` itakurudishia vifurushi vilivyokwisha kutumika. Kama mgeni ana nafasi lakini Windows imejaa, tatizo ni picha za hali ulizorundika.

*apt inasema faili la "Release" halijafika muda wake.* Saa ya mgeni imebaki nyuma baada ya kulazwa muda mrefu. Mzime kabisa, mwashe.

*"conda: command not found".* Ulijibu `no` kwenye swali la mwisho, au hukufunga terminali. Andika `~/miniforge3/bin/conda init`, funga, fungua.

*Nataka kumpa mwenzangu mashine yote, flashi inakataa ingawa ina nafasi.* Kwenye "File" kuna "Export Appliance", ambayo hukusanya mashine nzima kuwa faili moja la OVA. Faili hilo hupita GB 4 kirahisi, na flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32 usiokubali faili la GB 4. Toa vilivyomo, ifomati kwa exFAT, nakili tena. Yeye ataingiza kwa "Import Appliance" na hatapakua hata MB moja ya Lubuntu. Kabla ya kumpa, toa data zako na ubadilishe neno la siri, maana anapokea nyumba pamoja na kila kilichomo kabatini.